Kigae Mkononi: Namna ya Kuandaa Siku ya Urithi Kijijini

Mara ya kwanza nilipoandaa siku ya urithi walikuja watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walifuata soda. Nilikuwa nimekodi projekta na jenereta kutoka mji wa Kumi, mashariki mwa Uganda, nimetundika shuka jeupe ukutani mwa darasa, na kijana mmoja aliyetoka chuo kikuu akatusomea picha arobaini kwa Kiingereza kuhusu enzi za chuma. Jenereta ilizima kwenye picha ya kumi na saba. Hakuna aliyeomba iwashwe tena.

Nimeandaa nyingine nyingi tangu hapo, baadhi nzuri, moja mbaya kuliko ile. Haya ninayoyaandika ni ya mwalimu mwenye eneo la kale karibu na shule yake, ya kijana wa makumbusho aliyetumwa kijijini na begi la vitu, na ya mwanaakiolojia aliyepiga hema kwenye shamba la mtu na sasa anashangaa mbona watoto wanamkimbia.

Mimi si mtaalamu. Nimezaliwa katika kambi ya polisi Soroti, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu ya kwanza. Kambini Mwacholi, Mlugbara, Mgisu na Mteso walielewana kwa hicho. Nikaolewa Kumi, nikafundisha Somo la Jamii miaka 31, na wachimbaji walipokuja nikawa mkalimani wao, mpika chai wao na mtunza funguo zao. Wananiita Mwalimu mpaka leo.

Anza kwa mwenye shamba

Kabla ya bango, kabla ya barua kwa mheshimiwa yeyote, nenda kwa mwenye ardhi. Nenda kwa miguu, jioni, wakati watu wametoka shamba. Ukifika na gari lenye nembo mlangoni, kabla hujakaa kijiji kizima kitakuwa kimeshaamua kwamba serikali imekuja kuchukua ardhi. Baada ya mwenye ardhi, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, halafu wazee wa ukoo, halafu ofisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya. Wengi huanza na ofisa wa wilaya kwa sababu ana simu na ofisi. Ni kosa. Ofisa anaweza kukupa mhuri, ila hawezi kukupa watu.

Kuna swali utakaloulizwa, kwa sauti au kimoyomoyo: mnatafuta dhahabu? Usicheke. Mtu anayekuona unachota udongo kwa kijiko, unaupitisha kwenye chekeche, unatia vipande kwenye mifuko na kuandika namba, ana haki ya kufikiri hivyo. Nani angehangaika namna hiyo kwa ajili ya chungu kilichovunjika? Mwaka mmoja kikundi fulani kilichimba kwa jirani yetu wiki tatu, kikafunga mifuko kikaondoka nayo, na hakikurudi hata na picha moja. Mzee mwenye shamba alikaa miaka sita akiamini kwamba chini ya migomba yake kulikuwa na mali na kwamba wameiiba. Kila aliponiona sokoni aliuliza, "Mwalimu, wale watu wako wameuza kwa bei gani?" Sikuwa na jibu, maana mimi ndiye niliyewatafsiria walipomwomba ruhusa.

Kwa hiyo sasa nina sharti moja kwa kila mchimbaji anayetaka msaada wangu. Kila jioni, kabla ya mifuko kufungwa, vitu vyote vya siku hiyo vinamwagwa juu ya turubai na yeyote anayepita anaangalia. Siku ya kwanza watakuja watu thelathini kutafuta dhahabu. Siku ya nne watakuja watano, na hao watano ndio watakaokusaidia kuandaa siku yenyewe, kwa sababu wameanza kuona.

Jambo la kibali pia liseme wazi. Sheria ya nchi hairuhusu mtu kuchimba eneo la kale bila kibali, na kibali hutoka kwenye idara ya makumbusho na minara iliyo chini ya wizara ya utalii. Chukua nakala, isome mbele ya watu kwa lugha yao, mwache mwenyekiti aishike mkononi. Karatasi iliyoshikwa na mwenyekiti inazuia uvumi kuliko hotuba.

Kwa nini hawaji wenyewe

Wakubwa wa Kampala hulalamika kwamba wananchi hawaendi makumbusho. Ukitaka kujua sababu, rudi mwanzoni. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 katika ngome ya Mwingereza Lugard, Old Kampala, na vitu vilivyojazwa mle vingi vilikuwa vya ibada. Waganda wakaiita *Enyumba ya Mayembe*, nyumba ya pembe, yaani zile pembe za waganga. Hebu fikiri: kitu ulichokuwa ukikiogopa na kukiheshimu kwenye kibanda cha babu yako kimetiwa kwenye kabati la Mzungu. Utakwenda kukitazama kwa furaha?

Nani aliibadilisha hali hiyo kidogo? Ni mtaalamu wa muziki, Klaus Wachsmann, aliyekuwa mhifadhi pale kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliwaingiza wapiga ala ndani ya makumbusho, vitu vikapigwa badala ya kukaa kimya kabatini. Jengo la sasa la Barabara ya Kira lilifunguliwa mwaka 1954, na wazo hilo la ngoma kupigwa mle ndani likahamia nalo. Mimi nimeliiba wazo lake nikalipeleka kwenye vyungu.

Bibi na kamba

Hili ndilo zoezi ambalo likiharibika siku nzima imeharibika, kwa hiyo nitakaa hapa.

Tulikuwa tumetandaza vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, juu ya meza. Vilikuwa na nakshi ya mistari midogo ya mshazari, kama punje za wimbi zilizopangwa. Kijana wa makumbusho alikuwa akieleza kwa ufasaha, watu wakimwangalia kama wanavyomwangalia mtu wa bima. Bibi mmoja akasogea, akachukua kigae bila kuomba, akakipangusa kwa kidole gumba, akakigeuza kwenye mwanga. Akasema kitu kwa Kiteso. Kijana akanigeukia nimtafsirie. Nikamwambia, "Anasema kamba yake ilikuwa imekazwa vibaya."

Bibi akaomba nyuzi za katani. Akakaa chini, akanyoosha mguu, akasokota nyuzi mbili juu ya paja, kila mmoja peke yake, kisha akaziachia zijiviringishe pamoja. Akakata kipande cha urefu wa kidole. Akauliza udongo uko wapi. Hatukuwa na udongo! Tulikuwa na mabango sita ya rangi, na hatukuwa na udongo. Mtoto akatumwa bondeni, akarudi na donge kwenye jani la mgomba, bibi akalipiga likawa bapa kama chapati, akaviringisha kamba juu yake kwa kiganja. Ikatoka nakshi ile ile. Watu waliokuwa chini ya mwembe wakasimama. Mtaalamu wa vyungu aliyekuwa na kikundi kile, mtu mwenye digrii tatu, akapiga magoti kwenye vumbi akaanza kuandika.

Nakshi hiyo ya kamba iliyoviringishwa imeenea sehemu kubwa ya Uganda, na wataalamu huitumia kupanga vyungu kwa enzi. Ya kale zaidi, vyungu viitwavyo Urewe, ilikuwa tofauti: michoro ya kukwaruza na kishimo cha kidole kitakoni. Mambo haya yako vitabuni. Lakini mpaka bibi yule alipoketi chini, yalikuwa ya vitabuni tu.

Basi fanya hivi. Siku mbili kabla, tafuta mfinyanzi wa karibu akuchotee udongo, na umlipe. Usichote wewe, hutajua upi unashika. Toa vijiwe, ukande, ufunike kwa gunia lenye maji. Asubuhi ya siku yenyewe tengeneza vipande bapa vya ukubwa wa kiganja, unene wa kidole, uviweke kivulini kama nusu saa hadi visigande mkononi. Hapa ndipo watu hukosea. Udongo ukiwa mbichi mno kamba inazama na kuchafua. Ukikauka mno haichukui alama. Bonyeza kwa kucha: alama ikibaki safi bila ukingo kuinuka, uko tayari. Kila mtu asokote kamba yake mwenyewe. Watoto watashindwa mara tatu nne, waache washindwe. Wakishapata, wape kigae cha zamani walinganishe, na uwamulikie kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu, ili vivuli vionyeshe punje.

Ukiwa na plastisini ya watoto wa shule una jambo jingine zuri. Bonyeza donge polepole juu ya nakshi ya kigae kikavu, lichomoe, na kwenye donge utaona kamba yenyewe imerudi, na misokoto yake, ikielekea kulia au kushoto. Wataalamu hufanya hivi hivi kazini. Nimeona wanaume wazima wakigombania donge hilo.

Vigae vya kushikwa omba makumbusho. Wanavyo vilivyookotwa juu ya ardhi bila kumbukumbu ya mahali, ambavyo havina tena la kumwambia mtaalamu. Makumbusho ya Soroti yako karibu kwa sisi wa Teso. Ukikosa, nunua chungu sokoni ukivunje. Ila usiokote kutoka eneo lenyewe kwa ajili ya onyesho. Ukiokota mbele ya watoto umeshawafundisha kuokota.

Shimo la uongo

Chimba shimo la mita moja kwa mita moja mahali ambapo unajua hakuna kitu cha kale, ulitandike kwa turubai, ulijaze wewe mwenyewe usiku bila mtoto kukuona. Chini kabisa weka udongo mwekundu wenye vigae vyako vya sokoni na makaa kidogo. Juu yake majivu, na mafiga matatu yamekaa kama jikoni. Kisha mchanga. Juu kabisa vizibo vya soda na kipande cha kavera, yaani mfuko wa plastiki. Funga kamba kwenye vigingi ugawe shimo mara nne, kila kikundi robo yake, na mwiko mmoja wa mwashi, brashi ya rangi, karai, chekeche la jikoni na daftari. Daftari ndilo muhimu. Mtoto asiyeandika kina na tabaka ananyang'anywa mwiko, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Mimi huongeza hila. Kwenye robo moja natoboa tundu la panya kutoka juu hadi chini, natumbukiza kizibo cha soda, kisha nalijaza udongo wa juu. Watoto wakikuta kizibo kando ya vigae vya "babu wa kale" wanaanza kubishana. Wapo watakaosema watu wa zamani walikunywa soda. Yupo mmoja, daima yupo mmoja, mara nyingi msichana wa nyuma asiyenyoosha mkono darasani, atakayesema udongo wa pale una rangi nyingine. Huyo mwandikie jina.

Hapo waambie habari ya Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakifanya kazi kwenye eneo la gereza la Luzira, Kampala, walifukua kichwa cha udongo uliochomwa, chenye sura ya mtu, kimoja kati ya sanamu za kale zinazojulikana zaidi katika eneo letu la Afrika. Hawakuwa maprofesa, walikuwa wafungwa wenye majembe. Kichwa hicho leo kiko London, British Museum. Mtoto akiuliza mbona hakiko hapa, usimkimbie. Nitarudi kwenye swali hilo.

Kwa walimu: zoezi hili linaingia moja kwa moja kwenye Somo la Jamii la darasa la nne, ambalo lote ni wilaya yetu. Mwalimu mkuu akikuambia hakuna nafasi kwenye ratiba, mwonyeshe mtaala.

Lete kitu cha nyumbani

Wiki moja kabla, tangaza kanisani, msikitini na sokoni kwamba kila nyumba ilete kitu kimoja cha zamani. Meza ziwe ndefu. Kitu kinabaki mali ya mwenyewe, hakuna anayekichukua, na jioni kinarudi nyumbani. Liseme hili mara tatu, maana watu wameshapoteza vitu kwa watu wenye tai.

Kila kitu kiwe na kikaratasi, na maneno yaandikwe kama mwenyewe anavyoyasema. Usiandike "chombo cha kuhifadhia maziwa, karne ya 20". Mzee mmoja alileta kibuyu cha maziwa, cheusi kwa moshi, kimeshonwa kwa ngozi mahali kilipopasuka. Nikamwuliza niandike nini. Akafikiri, akasema: "Andika kwamba hakijatiwa maziwa tangu ng'ombe walipochukuliwa." Aliyewahi kuishi Teso anajua maana yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uvamizi wa mifugo ulituachia mazizi matupu, na nyumba nyingi hazikurudishiwa hata ndama. Mama aliyekuwa mezani nyuma yake alianza kulia. Kijana wa makumbusho akataka kubadilisha mada haraka haraka, nikamshika mkono. Tulikaa kimya, kisha mzee mwenyewe akaanza kusimulia majina ya ng'ombe wake, mmoja mmoja, na wazee wengine wakamsahihisha rangi.

Kwa hiyo jiandae. Weka viti kivulini karibu na meza hizo, weka maji ya kunywa, na umweke mtu mwenye hekima, si mtu mwenye kipaza sauti. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya kitu, na tena kabla ya kupiga picha ya mtu. Vitu vya ibada vikiletwa, mwulize mwenyewe kama vifunikwe au vionwe. Na ukiambiwa mwanamke mwenye mimba asikishike, asikishike. Hujaja kubishana.

Mkienda mwambani

Sisi tuna Nyero, kilomita kama nane kutoka Kumi mjini: mapango madogo ya mawe ya itale yenye michoro ya rangi nyekundu, miduara ndani ya miduara, na maumbo marefu yanayofanana na mitumbwi. Eneo lako linaweza kuwa na mtaro wa kale, kaburi la mtemi au rundo la taka za chuma. Kanuni hazitofautiani sana.

Niseme la kwangu kwanza. Nikiwa mwalimu kijana niliwapeleka wanafunzi Nyero, na rangi zikiwa zimefifia kwa vumbi niliwaruhusu wamwagie maji mwamba ili wazione vizuri. Ziling'aa kweli. Tukashangilia. Miaka baadaye mtaalamu mmoja alinieleza kwamba maji huyeyusha chumvi za mwambani na kuzivuta juu ya mchoro, na kila anayemwagia huiondoa rangi kidogo kidogo. Ni mimi na chupa yangu ya lita tano. Kwa hiyo sasa chupa zote zinabaki getini, na ninawaambia sababu, na jina la mkosaji.

Usiwapeleke zaidi ya ishirini kwa mara moja. Hakuna kugusa, hakuna chaki, hakuna makaa, hakuna kuwasha moto chini ya mwamba hata kwa chai. Kuna majina yamekwaruzwa pale. Wengine husema usiyaonyeshe ili watoto wasiige. Mimi nayaonyesha. Nauliza: huyu aliandika jina lake, je, unamjua? Hapana. Na aliyechora duara, unamjua? Hapana pia, lakini yupi umetembea kilomita nane kuja kumwona?

Na mwache mzee wa hapo aongee kabla ya mwongozaji. Watu walipeleka sadaka kwenye miamba ile kwa ajili ya mvua na uzazi, na wapo wanaokumbuka kusimuliwa. Mtaalamu azungumze wa pili, kwa ufupi, akiwa ameketi.

Wazee wakisema hivi na wachimbaji wakisema vile

Kwa Nyero tuna bahati. Wateso wanasema michoro waliikuta, si yao. Wataalamu nao wanaihusisha na wawindaji na waokota matunda walioishi huku kabla ya makabila ya leo. Hakuna ugomvi.

Ukienda Bigo bya Mugenyi, Sembabule, kando ya Mto Katonga, mambo ni mengine. Kuna mitaro ya zaidi ya kilomita kumi iliyochimbwa kwa mikono, na simulizi inasema ni kazi ya Wachwezi, watawala wa kale wanaotajwa na wazee. Wachimbaji waliofika pale tangu miaka ya 1950 wamepata mabaki ya makazi, mifupa ya ng'ombe na vyungu vya karibu karne ya 14 na ya 15, na hawajakuta mahali palipoandikwa Mchwezi. Nimesikia mwongozaji mmoja akiwaambia watu kwamba Wachwezi ni hadithi tu. Nusu ya wasikilizaji waliondoka, na nawaunga mkono. Sema: udongo unatuambia lini na walikula nini, wazee wanatuambia ni nani na kwa nini panaheshimiwa. Halafu nyamaza, waache wajadili. Mtu haulizwi achague kati ya babu yake na makaa.

Swali la vitu vilivyoko nje litakuja, hasa kutoka kwa vijana wenye simu. Jibu kwa mifano ya kweli. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, yalirudishwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mwaka 2024 chuo hicho hicho kilituma Kampala vitu 39, lakini kwa mkopo wa miaka mitatu. Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza, "Mwalimu, mtu anakukopeshaje kitu cha kwako?" Nikampa kipaza sauti aulize tena, maana nililipenda swali kuliko majibu yote niliyonayo.

Mambo madogo yanayoua siku

Tarehe: kwetu Januari hadi katikati ya Februari, kabla ya mvua za Machi kushika na watu kwenda kulima. Usigongane na siku ya soko. Kukiwa na msiba, ahirisha bila kusita na uende msibani.

Lugha: lugha ya nyumbani kwanza. Kiswahili nakipenda, tena baraza la mawaziri lilikipitisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, lakini Kiswahili kikitoka kwenye kipaza sauti bado kuna wazee wanaokumbuka vizuizi vya askari barabarani wakati wa vita. Nakitumia ana kwa ana, na wafanyabiashara, madereva na wageni kutoka Busia. Kiingereza kinaweza kusubiri.

Wageni rasmi: dakika tano kila mmoja, na waongee baada ya zoezi la udongo, mikono yao ikiwa michafu. Nilimwona diwani mmoja akifuta hotuba yake yote kwa sababu kamba yake ilikataa kusokotana na alitaka kujaribu tena.

Fedha: siku yangu ya mwisho iligharimu shilingi 410,000. Nyingi zilikwenda kwa chai na mandazi, bodaboda za kuwaleta wazee wasioweza kutembea, na malipo ya mfinyanzi. Mlipe mfinyanzi kama unavyomlipa mtaalamu, mbele ya watu. Mabango achana nayo.

Kurudi

Jioni fukia shimo la uongo, hesabu vigae vya makumbusho kimoja kimoja mbele ya mwenyekiti, mwandike sahihi. Vitu vya nyumbani mrudishie kila mtu mkononi, si kumwambia ajichukulie.

Miezi mitatu baadaye rudi. Chapisha picha, za karatasi, zile zinazotiwa kwenye fremu. Ukiwa na mchimbaji, mdai kurasa mbili za matokeo kwa lugha ya watu, akizileta mwenyewe na kuzisoma chini ya mwembe ule ule. Mmoja aliniambia matokeo ya maabara hayajatoka. Nikamwambia aje aseme hivyo.

Yule mzee wa migomba nilimpelekea kikundi kingine, miaka sita baadaye. Walimwaga kila kitu juu ya turubai kila jioni, naye alikuja kila jioni na kiti chake. Siku ya mwisho aliinuka, akapekua lundo lote la vigae kwa fimbo, akaketi tena. "Kumbe ni vyungu kweli," akasema. Kisha akauliza kama wangependa kuona mahali pengine, nyuma ya zizi, ambapo jembe la mkewe hugonga kitu kila msimu wa kupanda.